Pwani ya insha zetu imeandikwa na mtu aliye melini

Wiki jana nilikuwa hapa Skuta nikisahihisha insha za darasa la jioni, insha 31 kuhusu ziara ya Pwani. Nilipofika ya kumi nilikuwa nimeshapungiwa mikono na minazi mara saba. Mawimbi yalikuwa yameubusu mchanga mweupe pepepe mara sita. Upepo mwanana ulikuwa umewapapasa watahiniwa karibu wote mashavuni, na jua lilikuwa likizama “kama mpira wa dhahabu” katika bahari ambayo, kwa mtu aliyesimama Mombasa au Malindi, iko mashariki.

Sikuwacheka. Wengi wa wanafunzi hawa hawajawahi kuvuka Mto Tana, sembuse kuiona bahari. Waliandika walichofunzwa, na sisi walimu ndio tuliowafunza. Niliporudisha karatasi nikasoma moja kwa sauti, ile niliyoipa alama za juu zaidi. Binti mmoja akainua mkono nyuma ya darasa: “Mwalimu, kwani huko hakuna watu?”

Swali hilo limenikaa kooni mpaka leo. Ni swali la mhakiki, na limegusa kasoro ambayo haiko kwenye insha za shule pekee. Ninasema hivi: sehemu kubwa ya maandishi yetu ya Kiswahili kuhusu rasi, visiwa na miji ya ufuoni imeandikwa kana kwamba mwandishi yuko juu ya meli, anaitazama nchi kavu kwa mbali, na hajateremka. Anaona minazi, mchanga na mnara. Watu hawaonekani kutoka umbali huo, au wakionekana ni vidoa vinavyopunga mikono.

Jicho hili la melini lina historia. Mfano wake mkubwa katika fasihi ni utenzi wa Mreno Luís de Camões, Os Lusíadas, uliochapishwa Lisbon mwaka 1572, kuhusu safari ya Vasco da Gama ya 1497 hadi 1499. Camões hakuwa mwandishi wa kukaa nyumbani. Aliijua Bahari ya Hindi na aliwahi kukwama kwa muda katika Kisiwa cha Msumbiji. Hata hivyo, tazama anavyoigawa pwani yetu. Mombasa ni mji wa hila, mahali pa mtego. Malindi ni mji wa ukarimu. Tofauti ya miji hiyo miwili haitokani na maisha ya wenyeji wake. Kipimo ni kimoja tu: nani aliipokea meli vizuri na nani hakuipokea.

Na huyo mfalme wa Malindi anayesifiwa, anafanya nini katika utenzi? Anasikiliza. Anamwomba mgeni amsimulie habari za kwao, naye da Gama anazungumza kwa sura tatu nzima kuhusu wafalme na vita vya Ureno na safari yake mwenyewe. Malindi, mji uliokuwa ukifanya biashara na Bara Hindi na Ghuba kabla Mreno hajaujua, umegeuzwa sikio. Mwenyeji ana adabu nyingi na habari hana.

Ajabu zaidi ni rasi. Da Gama anapofika rasi iliyo karibu na ncha ya kusini ya Afrika, tunayoiita Rasi ya Tumaini Jema, Camões anaigeuza jitu. Jina lake Adamastor. Ni zimwi la mwamba, lenye sura ya kutisha, linalowatabiria mabaharia maangamizi. Kwa upande wa ubunifu, ni moja ya picha kali katika fasihi ya Ulaya. Lakini jiulize, ni nani anayeiona rasi kama zimwi? Ni yule anayehofia kugonga mwamba. Aliyezaliwa juu ya rasi ile, anayelisha ng'ombe wake pale na kuokota kome miambani, hawezi kuliona zimwi, kwa sababu yeye amesimama juu ya bega lake.

Sasa tugeukie utungo wa mtu wa ndani. Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa kisiwa cha Pate, wataalamu wengi huuweka mwanzoni mwa karne ya 19. Una beti zaidi ya 70 na umetungwa katika Kiswahili cha kaskazini ambacho msomaji wa Nyeri atahitaji faharasa kukifuata. Mshairi anauhoji moyo wake mwenyewe: unaipendeaje dunia na hali unaona inavyowafanyia wanaoipenda? Kisha anatoa ushahidi. Ushahidi wake ni nyumba za mji wake.

Tazama mahali anaposimama. Hayuko baharini wala ufuoni. Yuko ukumbini. Anaona vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa vyombo vya China, sasa ndege wanatagia humo. Anasikia wadudu na bundi mahali palipokuwa na mazungumzo. Anawakumbuka mabwana waliotembea kwa maringo wakiwa na wafuasi mbele na nyuma. Hakuna mnazi unaompungia mtu. Kila kitu katika mji huo kimeguswa na mkono wa mtu, na ndiyo sababu kuanguka kwake kunauma.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa vya kutosha kuhusu utungo huu. Mshairi anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka yenye matumbawe, inayomletea hasara kila anayejitia kuiendesha. Matumbawe ni ile miamba ya baharini inayotoboa vyombo. Lakini mwenyeji yeyote wa Pate, Siyu au Lamu anajua kwamba nyumba zenyewe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa au kukatwa na kuunganishwa kwa chokaa. Jiwe linalozamisha jahazi ndilo jiwe linalosimamisha ukumbi. Msomaji wa melini anaona hatari tu katika matumbawe. Msomaji wa nyumbani anasikia jambo zito zaidi, kwamba utajiri wa mji ule ulitoka katika bahari ileile iliyokuja kuuangusha. Sidai kwamba Sayyid Abdalla alikusudia fumbo hilo. Ninadai kwamba lugha ya mahali pale ilikuwa nalo tayari, na utungo unalibeba.

Hata hivyo, sitaki kumtukuza mshairi kupita kiasi. Al-Inkishafi una upungufu wake, na wahakiki tumeusaidia kujificha. Tunausoma mara nyingi kama picha ya kweli ya anguko la Pate, kisha tunafunga kitabu. Mshairi anasema dunia ni udanganyifu na mauti hayachagui. Kwa mawaidha, hilo latosha. Kwa historia, halitoshi. Mauti yako kila mji. Kwa nini basi Lamu ilisimama Pate ikianguka?

Jibu lina tarehe na mahali. Pate ilidhoofishwa na ugomvi wa kurithi kiti na mashindano ya muda mrefu na jirani zake. Karibu mwaka 1812, majeshi ya Pate na washirika wao, Mazrui wa Mombasa, yaliteremka Shela, kijiji kilicho kwenye ncha ya kisiwa cha Lamu, yakashindwa vibaya. Masimulizi ya huko yanasema wavamizi walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Baada ya ushindi huo Lamu iliomba hifadhi ya Sayyid Said wa Oman, na nguvu za biashara zikahamia taratibu kwa watawala wa Zanzibar. Utungo hautuambii hayo, wala haukulazimika. Lakini mhakiki anayeishia kwenye “kila chenye mwanzo kina mwisho” anawanyima wasomaji wake sababu, na mahali pasipo na sababu hugeuka mandhari tu. Magofu mazuri ya kupigia picha.

Hapo ndipo lugha inapoingia, maana safu hii ni ya lugha. Yale maji yaliyowaacha wavamizi wa Shela mchangani ndiyo yanayolipa eneo zima jina. Pwani inatokana na kitenzi kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha nchi wazi. Pwani ni mahali panapopwa. Jina hili halikutoka melini, kwa kuwa aliye melini, maji yakipwa, hulaani. Limetoka kwa anayesubiri maji yapwe ashuke kuchokoa pweza, na yajae ndipo atie mashua. Wenyeji wana bamvua kwa maji makubwa na maji mafu kwa maji madogo. Wana diko, mahali pa kuegesha vyombo na kuteremshia samaki. Wana hori, mlango, mkondo, fungu na kipwa. Sisi huku bara tumewaachia wanafunzi neno moja: ufuo. Wenye hoteli nao wamebaki na lao, fukwe, na sikuzote ni “fukwe safi na tulivu”. Utulivu wa nani? Diko si tulivu. Diko lina kelele za mnada, harufu ya samaki na watoto wanaochelewa shule.

Neno rasi nalo lina hadithi. Kwa Kiarabu ra's ni kichwa, nasi tukalipokea kwa ncha ya nchi inayoingia baharini. Neno hilohilo limo katika rasilimali, yaani kichwa cha mali, mtaji. Inaonekana siku hizi tumesahau maana ya kwanza tukabaki na ya pili. Rasi ikitajwa gazetini, aghalabu ni kiwanja kinachogombaniwa au mahali pa kujenga hoteli ya kitalii. Hata neno rubani limehama. Zamani rubani alikuwa mjuzi wa njia za maji anayekiongoza chombo kati ya miamba. Rubani wa namna hiyo ndiye aliyepatikana Malindi mwezi Aprili 1498 akamvusha da Gama hadi pwani ya Calicut katika muda wa wiki nne hivi. Leo kwenye rasi ya Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, na watoto huambiwa kwamba aligundua njia ya Bara Hindi. Mtu huigunduaje njia ambayo amelipata rubani wake palepale?

Nenda kaskazini kidogo ya Malindi ufike Ngomeni. Kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini karibu na rasi ile, Waitaliano na Wamarekani walirusha satelaiti tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Sijapata kuisoma insha ya Pwani yenye satelaiti. Au vuka hadi kisiwa cha Manda, ukasubiri maji yajae ndipo mashua ipenye mikoko kufika Takwa, mji uliohamwa mwishoni mwa karne ya 17. Vibao huyaita magofu. Lakini watu wa Shela, wanaojihesabu kuwa wazao wa Takwa, bado huvuka kwenda kulizuru kaburi la pale na kuomba mvua. Gofu ni neno la mpita njia. Kwa anayekwenda kuomba, pale ni kwao.

Mtaniuliza: haya yatuhusu nini sisi wa Skuta, tunaoamka tukiutazama Mlima Kenya na kulala tukiwa tumeupa mgongo msitu wa Nyandarua? Yanatuhusu sana, kwa sababu nasi tumeandikwa kwa mtindo uleule. Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyekuwa amefika Mombasa mwaka 1844, aliuona mlima huu akiwa Kitui. Alilichukua jina lake kutoka kwa watu wa upande ule, na jina hilo la mbali ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima. Mtu huyohuyo ndiye aliyetuachia kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Simlaumu, kazi yake ya kamusi tunaishukuru. Ninachosema ni kwamba mlima na pwani vyote vilipitia kalamu ya mgeni kabla ya kurudi kwetu kama somo la shule.

Na wageni wetu wa leo husimulia nini kuhusu Nyeri? Treetops. Kwamba mwaka 1952 binti mfalme alipanda mtini akateremka akiwa malkia. Ni kweli kwamba babaye alifariki usiku ule. Lakini hoteli hiyo iliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na kwa nini iliteketezwa ni habari ambayo mtu wa Nyeri angeianza nayo. Kila tunapokasirika kuona vita vya babu zetu vimekuwa tanbihi ya safari ya Elizabeth, tukumbuke kwamba hivyo ndivyo tunavyomfanyia mtu wa Lamu kwa minazi yetu yenye mikono.

Najua pingamizi. Mwalimu mwenzangu aliniambia hivi tukinywa chai: “Wewe nawe! Mtoto hajafika Pwani, unataka aandike nini? Mwache apate alama zake.” Hoja yake ina uzito. Mtahini anapenda tamathali, na mtoto wa maskini anahitaji alama kuliko anavyohitaji nadharia zangu. Lakini kutofika si sababu. Mbona tunawapa tamathali za melini na hatuwapi msamiati wa diko, hali vyote viwili vinafundishwa kwa chaki ileile? Fauka ya hayo, lugha zetu zenyewe zina mlango wa kuingilia. Kwa Kikuyu, iria ni ziwa na pia bahari, na ni maziwa ya kunywa vilevile. Kiswahili nacho huita maziwa yale ya kikombe na yale ya Naivasha na Baringo. Mtoto aliyezaliwa Iriaini, iwe ya Othaya au ya Mathira, anaishi ndani ya jina la maji. Haihitaji nauli kumwonyesha kwamba maji mengi huitwa kwa jina la kinacholisha.

Gharama ya kutoona watu si ya kifasihi tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya pale Manda. Ili wafike hapo, ilibidi wavuvi waithibitishie mahakama kwamba maji yale yalikuwa na wenyewe: kwamba kuna sehemu za kuvua, kuna njia za mashua, kuna mikoko inayozalisha samaki, na kuna desturi za uvuvi zilizorithiwa. Kwa kifupi, walilazimika kueleza kwamba palikuwa na watu pale. Nchi ambayo watoto wake wamefunzwa kwamba Pwani ni mchanga na minazi itasikia maelezo kama hayo kwa mshangao.

Basi niliwarudishia wanafunzi insha zao na sharti moja: hakuna mnazi kupunga mkono, na katika kila aya pawe na mtu mwenye shughuli. Walinung'unika. “Mwalimu, hii ni kutumaliza.” Binti wa swali akapiga simu kwa tata yake anayeishi Mpeketoni, mji wa Kaunti ya Lamu ambako familia nyingi za kutoka huku Kati zilipewa mashamba katika miaka ya 1970. Tata hakuwa na habari za mchanga mweupe. Mpeketoni iko bara, kando ya Ziwa Kenyatta, nao ni wakulima. Anachokijua yeye ni Mokowe, gatini unakopandia boti ya kwenda kisiwani Lamu ukiwa na mgonjwa.

Insha yake mpya ina kurasa mbili. Haina machweo. Ina mama mmoja aliyekaa juu ya gunia la mahindi pale Mokowe, anamhesabia nahodha nauli, anamwuliza, “Mwanangu, maji haya yatajaa saa ngapi?” Ina makosa manne ya upatanisho wa ngeli na aya moja isiyo na kituo. Nimempa alama chache kuliko nilizoipa ile niliyoisoma darasani, maana mwongozo wa usahihishaji ndivyo unavyotaka, na sijui nitauteteaje mwongozo huo wiki ijayo atakapoinua mkono tena.